Kubadhi la Kushoto la Mjomba

Juzi mjukuu wangu kanijia jikoni na sura ya mtu aliyefiwa. Viatu vyake vya ngozi, vipya, vya kuendea harusi ya rafiki yake, kimoja kimemwagikiwa mafuta ya kupikia. "Bibi, hivi sasa ni vya kutupa," ananiambia. Nikacheka mpaka nikatafuta kigoda. Akanuna, na haki yake, maana hakujua kwamba uso ule niliwahi kuuvaa mimi mwenyewe, mtaani kwetu Mabawa, miaka ya hamsini, siku ya harusi ya mjomba wangu.

Hebu kaa nawe nikuhadithie, msikilizaji wangu, wewe si mgeni.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa karani katika shamba la mkonge, na mimi, msichana wa miaka minane, ndiye kipenzi chake. Kwa harusi yake alishonesha makubadhi kwa fundi wa Ngamiani, ngozi rangi ya chai ya maziwa, yamedariziwa uzi mwekundu. Aliyaweka chumbani kwa bibi yangu juu ya sanduku, akasema asiyaguse mtu mpaka alasiri, atakapokwenda msikitini kuozeshwa. Mimi aliniahidi jambo kubwa: nitatangulia mbele yake njia nzima nimeshika mrashi, nikiwanyunyizia watu maji ya waridi. Wiki nzima nilizunguka uani na chupa tupu nikijifunza, kuku wakinikimbia.

Asubuhi hiyo bibi alikuwa akipika mafuta ya nazi, ya nywele za wanawake wa harusini. Tui lilichemka tangu mapema, na nyumba yote ikanukia ile harufu tamu inayokutia njaa hata kama umeshakula. Akanipa bakuli la mafuta nikaliweke chumbani kwake lipoe. Mtu mwenye akili angeliweka akatoka. Mimi nikayaona yale makubadhi.

Nikatia mguu wa kwanza, nikatia wa pili. Lo! Yalilia kwacha, kwacha, maana kubadhi jipya lina sauti yake. Nikatembea kwa maringo, mimi ndiye bwana harusi, na bakuli ndilo mrashi wangu. Hatua ya tatu kubadhi likabaki nyuma, mimi nikaenda mbele. Nilipoinuka, mafuta yote yalikuwa juu ya kubadhi la kushoto.

Kiboko sikukiogopa, nilishakizoea. Niliogopa mjomba atakwenda mbele za wakwe na doa mguuni, na mrashi wangu atapewa binamu yangu, mtoto asiyejua hata kushika kikombe. Kwa hofu nikaongeza kosa juu ya kosa: nikalipeleka uani, nikalitia maji na sabuni, nikaanza kulifikicha.

"We mtoto!" Bibi huyo nyuma yangu. "Tangu lini ngozi ikafuliwa kama kanga?"

Nikaangua kilio. Nikamweleza yote, na kwa kuwa nilikuwa na mdomo wa kikubwa, nikamalizia, "Maji yakimwagika hayazoleki, bibi."

Akanitazama. "Kweli hayazoleki. Lakini haya ni mafuta. Lete unga wa muhogo."

Alilikausha kubadhi kwa kitambaa, akalifukia ndani ya ungo wa unga, akauweka kivulini. Juani hakutaka. Alisema jua litaikunja ngozi iwe kama uso wake. Jirani yetu Mbondei, mtani wa bibi, akachungulia, akauliza, "Leo mnapika ugali wa viatu?" Bibi akamjibu, "Ndiyo, na wewe nimekuwekea ukoko." Wakacheka wote wawili. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Baada ya adhuhuri tukalifukua. Unga ulikuwa umenywa mafuta ukawa madonge, lakini doa limebaki, nusu ya kubadhi nyeusi-nyeusi na nusu chai ya maziwa. Bibi akalipangusa unga.

"Lete la kulia," akasema.

Nikampa. Akachovya kitambaa katika mafuta ya nazi, akalipaka! Nikapiga ukelele, "Bibi, unaliharibu na hili!"

"Siliharibu. Linamfuata mwenzake." Akanitupia kitambaa. "Aliyemwaga ndiye mpakaji. Haya, sugua."

Nilisugua mpaka vidole vikaniuma, juu, pembeni, kwenye kanda, la kulia kisha la kushoto, mpaka yote mawili yakawa rangi moja, rangi ya tende iliyoiva. Nikadhani yamekwisha. Bibi akasema bado, niyapeleke mwenyewe na niseme mwenyewe.

Mjomba alikuwa ameshavaa kanzu. "Shikamoo mjomba," nikasema. Nikamwambia kila kitu, hata kwacha kwacha sikuificha. Akayapokea, akayageuza huku na huku. Kisha akaniuliza, "Na mrashi je, umeutia maji ya waridi, au nao umeutia mafuta?"

Wallahi, nililia tena, mara hii kwa furaha.

Na mlangoni pa msikiti ndipo palipokuwa na kichekesho. Wanaume walitoka wakakuta fungu la makubadhi yote rangi moja ya chai ya maziwa, huyu anajaribu, yule anavua, na mzee mmoja alikwenda zake na ya kushoto mawili. Mjomba akaenda moja kwa moja akavaa yake. Watu wakamwuliza fundi gani kampatia rangi ile. Akaninyooshea kidole, mimi na mrashi wangu: "Fundi wangu huyu hapa."

Tangu hapo kila Idi alinijia na makubadhi yale niyapake, mpaka nilipoolewa, na hata baadaye. Bibi hayupo, jirani hayupo, na mjomba naye tulimzika. Mafuta ya nazi nanunua dukani kwenye chupa, hayanukishi hata chumba kimoja. Nimewakumbuka, jamani.

Hayo yote yalinipitia kichwani juzi pale jikoni, na mjukuu wangu alikuwa bado amesimama mlangoni na kiatu chake mkononi. "Sasa nikitupe, bibi?"

Nikajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kalete na mwenzake," nikamwambia.