Masultani wa Babu

Wenzangu mliokulia Siyu mtanisahihisha nikiteleza, maana umri nao umeanza kunichezea. Lakini chuo cha babu cha Kurani nakikumbuka vizuri: mikeka ya ukindu, harufu ya kahawa ya tangawizi, nasi watoto tukisoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake, kelele kama mnada wa samaki. Na bado ukinyamaza wewe peke yako, babu anajua. Tukitoka hapo ni mchezo wa rede, kurushiana mpira na kuukwepa, mpaka vumbi litujae puani, kisha mkate wa mofa wa moto kwa bibi. Watoto wa leo ukiwapa mofa wanauliza kama una jibini.

Skuli ya serikali ilipofunguliwa, wavulana wakapelekwa. Nami msichana nikaitaka, nikaililia. Babu hataki. Barazani alikuwa na hadithi yake moja, ya Sultani wa Waturuki aliyeona mizinga ya Wazungu inamshinda, akaamua kuwaiga. Akawavua askari vilemba, akawavisha suruali za kubana, akaleta walimu wa Kizungu, mashekhe wakagomba wasisikizwe.

“Walianza na suruali,” babu husema, nchi akiiita nti kwa lugha ya kwetu, huku ananitazama mimi, “wakamaliza hawana nti.”

Siku moja bibi, yuko nyuma ya mlango anasuka ukili wake wa mkeka, akamjibu taratibu: “Na masultani wa kwetu, Bwana, wasiobadili hata kilemba, nti yao i wapi?”

Kahawa ikampoa babu mkononi. Mwishowe akasema, “Ahitimu msahafu kwanza.”

Moyo ulinivunjika. Nilikuwa na juzuu nyingi mbele yangu, na skuli haikupokea watoto waliokwisha kuwa wakubwa. Nikajua ananikatalia kwa adabu. Kumbe nilimdhania vibaya, maskini. Kesho yake alfajiri akaniamsha mwenyewe, na tangu hapo akawa ananisomesha mara mbili, kabla ya wenzangu kuja na baada ya wao kuondoka, sauti imemkauka, akinitia tende mdomoni nikisinzia.

Nikahitimu. Wakanipamba, wakanitembeza mitaani kwa kaswida, watu wakala halwa. Baada ya hapo babu akavaa kanzu yake ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa, akanishika mkono mpaka skuli. Mwalimu, kijana wa bara, akamletea kiti. Babu hakukaa.

“Nimekuletea mjukuu wangu,” akamwambia. “Nilicho nacho mimi nishampa. Nawe mpe chako.”

Akageuka kurudi, akijipangusa macho kwa mkono wa kanzu.

Siku hizi skuli haigombewi. Wajukuu wangu hapa Langoni ninapoishi sasa wanabembelezwa kwa chipsi ndipo waende, na kila Jumatatu matumbo yanawauma. Simu wanazijua kuliko majina ya mababu zao. Siwalaumu, wao wametukuta sisi ndio walezi wao. Asubuhi husimama mlangoni nikawatazama wakienda, mabegi yamewazidi migongo, nikatamani kuwafuata nimwambie mwalimu wao maneno ya babu. Lakini hurudi ndani. Mimi nimewapa nini?