Watani wa mpira walivyomzika baba yangu Ifakara

Wakuu, wa rika langu salaam, vijana marahaba kabla hamjaniamkia. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Baba alikuwa Msukuma, mama Mpogoro. Usukumani watoto waliniita Mpogoro. Tulipohamia Mahenge kwa kina mama, nikawa Msukuma.

Mpaka namaliza form four, nikiulizwa "kwenu wapi?" nababaika.

Miaka ya tisini nikaja Ifakara kwa biashara ya mpunga. Mama alishafariki, nikaishi na baba. Jioni nikawa naenda kushangilia timu ya sokoni. Kwa nini hiyo? Uwanja wao ulikuwa jirani, basi.

Kiongozi wa mashabiki alikuwa Mama Skola, muuza vitumbua, sauti kama filimbi ya refa. Kabila hakuniuliza. Aliuliza tu, "Wewe kaka, unapiga ngoma au umekuja kutukodolea macho?"

Nikapewa ngoma.

Wapinzani wetu walikuwa timu ya stesheni. Kinara wao fundi baiskeli, tukimwita Pancha. Tuliwahi kuwafunga goli moja, na ubishi wake haukuisha.

Baba akafariki. Ndugu zake mbali, wasingewahi. Mashabiki sikuwaambia. Niliwaza: hawa watu wa mpira tu, msiba ni wa ukoo.

Nilikosea, na aibu ninayo mpaka leo.

Asubuhi akaingia Mama Skola na kundi zima, majembe na masufuria. "Ulitaka tusikie kwa jirani? Utajibu tukishazika."

Wanaume wakaenda kuchimba, kina mama wakabandika wali.

Makaburini, jeneza likiwa bado juu, Pancha akarukia kaburini na jezi yake, akalala chali.

Kazi ya watani msibani mnaijua: vituko mpaka wafiwa wacheke. Ila mtani hutania ukoo. Mimi ukoo wangu uko wapi?

Pancha akapaza sauti kutoka shimoni: "Hashuki mtu humu mpaka mkiri lile goli lenu lilikuwa la mkono!"

Katekista aliyekuja kuongoza mazishi akauliza, "Kwani wenye msiba ni akina nani?"

Mama Skola akanyoosha kidole juu. "Ni sisi, baba." Akamgeukia Pancha: "Toka humo! Lilikuwa la kichwa!"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Baba akazikwa na watu wake.

Nilichojifunza: kwenu ni pale wanapothubutu kukutania ukiwa na msiba.

Mliolelewa katikati ya makabila mawili, ninyi kwenu mlikupata wapi? Semeni hapa, nasoma zote.

Na Pancha, kama umo humu: nilikuwa nyuma ya goli na ngoma yangu, niliona.

Lilikuwa la mkono.