Kapu la maktaba halirudi tupu: tulivyoazimisha vitabu Msambweni wakati wa kipindupindu

Wakuu, assalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Juzi nilisoma humu kijana mmoja akisema kwamba korona ndiyo iliyofunga maktaba kwa mara ya kwanza, na watu wakaanza kupelekewa vitabu majumbani. Nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuniuliza kama niko sawa.

Basi kaeni niwape stori. Nilikuwepo mwenyewe, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Kwa umri huu uongo utanifaa nini?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Uhuru bado ulinukia rangi mpya, na kila mtu alikuwa anasoma au anasema atasoma.

Mimi nilikuwa kijana wa Msambweni, nimetoka shule, nikapata kazi ya msaidizi katika maktaba ndogo ya umma. Usifikirie jengo la vioo. Kilikuwa chumba kimoja chenye rafu, meza mbili ndefu na baraza.

Bosi wangu alikuwa Bwana Mwadime, Mtaita, mtu wa tai hata jua likiwa utosini. Alivipenda vitabu kuliko watu, na watu aliwapenda vilevile. Kauli yake ilikuwa moja tu: "Maktaba si soko." Ukicheka humo ndani, si soko. Ukiingia na muhogo wa kukaanga, si soko.

Kisha kipindupindu kikaingia pwani.

Ugonjwa ule ulikuwa umeanzia mbali huko Asia, ukazunguka dunia, nasi tukawa tunausikia redioni kama habari za watu wengine. Mara ukabisha hodi. Amri zikatoka. Hakuna kuuza chakula kilichopikwa. Hakuna karamu ya harusi. Mazishini waende wachache, na hakuna kupika pilau la matanga. Chakula kutoka kijiji hiki kwenda kile, marufuku.

Chumba chetu cha kusomea kikafungwa.

Bwana Mwadime hakulala. Kesho yake tukaanza kuazimisha vitabu dirishani, msomaji akisimama nje kwenye jua. Vitabu vilivyorudi tukavianika barazani juu ya majamvi, siku kadhaa, tukivigeuza kama nazi za mbata. Hakuna aliyejua kama kitabu chaweza kubeba maradhi yale, lakini jua halina hasara.

Nikaandika bango kubwa: USILAMBE KIDOLE UNAPOFUNUA KURASA. Wazee walichukia bango lile. Mmoja aliniambia amelamba kidole tangu chuoni kwa maalim wake na hajawahi kuumwa hata jino. Nikamwambia, "Sawa mzee, ila hiki si chako, ni cha serikali." Akaondoka akinuna, kitabu kwapani.

Tatizo likawa watu wa mbali. Shimoni, Majoreni, hata Bongwe kule karibu na Ukunda. Walizoea kuja Msambweni kwa shughuli zao na kupitia kwetu. Sasa safari zimezuiwa.

Hapo ndipo tukapata wazo la makapu.

Bwana Afya, yaani afisa wa afya wa serikali, alikuwa na Land Rover iliyozunguka vijijini na dawa ya kutia visimani. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, asiye na mzaha, lakini wa haki. Bwana Mwadime akamwomba atubebee vitabu. Akakubali, na mimi nipande nyuma.

Kila kijiji kikapewa kapu lake na nyumba yake ya kulipokea. Vitabu vyaenda kapuni, vyarudi kapuni.

Sasa naomba mnisikilize kuhusu Majoreni, maana uzi huu ni wa huko.

Nyumba ya kupokea kapu la Majoreni ilikuwa ya mama mmoja wa makamo ambaye mwanawe alimwoa binti aitwaye Mwanasha. Mwanasha aliacha shule akaolewa, ana watoto wawili, na mwaka ule alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha pili bila kuwa shuleni. Alitaka kuwa mwalimu. Alilitaka jambo hilo vibaya sana, wakuu. Nimeona watu wakitaka vitu, lakini yule alikuwa akisoma huku anakoroga uji.

Mavyaa wake, ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwetu, alimwambia maneno ambayo Mwanasha mwenyewe alinisimulia: "Wanao nitakushikia mwaka huu. Mwaka mmoja. Ukishindwa, ushindwe, urudi jikoni."

Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa amechoka, naye ana jembe lake.

Kwa hiyo kila kitabu kilichokwenda Majoreni kilikuwa na maana. Na kilichohitajika kuliko vyote kilikuwa kitabu cha hesabu. Tulikuwa nacho kimoja tu, nacho kilikwenda kwa zamu: Bongwe kwanza, kisha Shimoni, ndipo Majoreni.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Safari ya kukusanya ndiyo ikatuumbua.

Tunarudi, Bwana Afya kakaa mbele, ghafla akasimamisha gari. Akanusa. Akaja nyuma, akafunua kapu la kwanza. Juu ya vitabu, vitumbua vimefungwa ndani ya jani la mgomba. La pili, samaki wa kukaanga. La tatu, maembe na mikate ya sinia.

"Nani ameweka samaki kwa gari ya serikali?" akauliza. "Gari ya kipindupindu?"

Ningemwelezaje mtu wa bara kwamba hakuna aliyekosea?

Kwetu, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea bokoboko kwenye bakuli, lile bakuli halirudi kwake mpaka upate cha kutia. Hata ikiwa ni chumvi. Kurudisha bakuli tupu ni kumwambia mwenzio kwamba kwako hakuna watu. Sasa maktaba imewapelekea kapu limejaa. Walirudishe tupu? Hilo hata mtoto angekukatalia.

Chakula chote kikafukiwa. Roho iliniuma kwa vile vitumbua, siwafichi.

Bwana Afya alikuja mpaka maktaba, akamwambia Bwana Mwadime kwamba makapu yakibeba chakula tena, basi ndio mwisho wa vitabu. Na alikuwa na haki. Watu walikuwa wanakufa.

Bwana Mwadime akayajaza makapu upya, akaniagiza niyapeleke vijijini pamoja na amri: kapu lirudi na vitabu tu. Kila nyumba nilikofika walinisikiliza kwa adabu, wakanijibu, "Tumesikia, mwanangu." Tukaondoka tumeridhika.

Makapu hayakurudi.

Hakuna hata moja. Land Rover ilipita Bongwe, ikapita Shimoni, na kila mahali jibu ni lile lile: subirini kidogo. Bwana Mwadime akavua tai, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema vitabu vya umma vimeibwa, na kwamba safari ijayo ndiyo ya mwisho. Makapu yasiporudi, huduma imekwisha.

Na mtihani ulikuwa unakaribia.

Safari ile ya mwisho tulianzia Shimoni. Nyumba ya kapu ilikuwa ya Bi Mwanakombo, mwanamke wa heshima zake, mke wa mzee wa mtaa. Nikabisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwasemaje huko Msambweni? Maradhi yamepungua?"

"Alhamdulillahi, yapungua. Bibi, nimefuata kapu."

"Kapu lipo. Ila halijawa tayari."

"Na vitabu je?"

"Vitabu vimo, wasomaji wamevirudisha tangu wiki zile. Hakuna aliyevigusa tena. Kapu ndilo halijawa tayari."

Nililiona kwa macho yangu, limeegemezwa ukutani, na kitabu cha hesabu kimechomoza juu. Nikamwomba anipe hicho kimoja tu nikichukue mkononi.

Akaniangalia kwa huruma. "Utoke nyumbani kwangu na kitabu mkononi, kama mtu aliyekuja kudai? Watu wakuone? Hapana, baba. Chakula mmekataza, nimetii. Lakini hili usiniombe."

Ningefanya nini? Nimpore mtu mzima? Nikarudi garini mikono mitupu.

Majoreni tulifika alasiri. Mwanasha alikuwa amesimama nje kabla hata gari halijazima. Nilipomwambia kitabu hakikuja, hakulia wala hakulalama. Alikaa chini kwenye kizingiti, akasema polepole, "Basi." Neno moja tu. Ningependa angenitukana.

Mavyaa wake alikuwa pembeni, miguu ameinyoosha, anasuka ukili. Kwa msiojua, ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa majani ya ukindu yaliyochanwa. Ukishonwa pamoja na wenzake ndio hupatikana mkeka. Alikuwa na msokoto mkubwa, wa kujishonea msala wake mwenyewe wa kuswalia.

"Bi Mwanakombo amekataa kitabu?" akaniuliza.

"Hajakataa. Asema kapu halijawa tayari."

Vidole vyake vikaendelea kusuka. Kisha akacheka kidogo puani.

"Mwanasha, nipe kisu. Na lile kapu letu lilete."

Akaukata ukili wake. Akaukunja, akautia kapuni juu ya vitabu, akalifunika kwa kitambaa na kunikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwambie bwana yule wa dawa, hiki hakiliwi."

Bwana Afya akalifunua kapu. Akautoa ukili, akaunusa, akaugeuza. "Hii ni nini?"

"Ni ukili," nikamwambia. "Hauliwi."

"Na hawawezi kurudisha kapu bila kitu?"

"Hawawezi, bwana."

Akautazama mpaka nikadhani kakasirika. Kumbe anajizuia kucheka, na alishindwa. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno ya mtu yule. Akamwambia dereva, "Twende Shimoni."

Bi Mwanakombo alipouona ukili wa Majoreni, uso ulibadilika. "Ala! Kumbe wenzetu wametangulia!" Akaingia ndani, akatoka na ukili wake, mpana zaidi na wenye rangi mbili, maana heshima nayo ina mashindano yake. Akautia kapuni. "Sasa liko tayari."

Jua lilikuwa linaelekea kushuka. Njia ya nyumbani Msambweni ilikuwa huku, Majoreni kule. Na sheria ya bosi ilisema kila kitabu kianikwe kwanza. Nikamwambia Bwana Afya, kwa sauti ya kuomba, kwamba kitabu hiki kimelala wiki kadhaa bila mkono wa mtu, hivyo kimejianika chenyewe.

Akamgeukia dereva: "Rudi Majoreni."

Mtu wa bara, dawa zake ameshazigawa, njaa inamuuma, akageuza gari la serikali kwa ajili ya kitabu cha hesabu. Mpaka leo nikisikia watu wa bara wanasemwa vibaya hapa pwani, namkumbuka yeye nanyamaza.

Mwanasha alikipokea kitabu kabla ya magharibi. Mavyaa wake akachukua sufuria ya uji mikononi mwake, akamwambia, "Nenda kasome, kungali mwanga."

Baada ya siku ile makapu yote yalirudi, na kila moja na ukili wake. Bwana Mwadime hakujua aziweke wapi kili zile. Akaziweka rafuni, akisema maktaba si soko la mikeka. Lakini hakuzitupa.

Maradhi yalipokwisha na milango kufunguliwa, akina mama wa Msambweni walikuja na sindano, wakazishona zile kili zote pamoja. Ukatoka mkeka wa ajabu, huku mwembamba, huku mpana, Shimoni imelala ubavuni mwa Bongwe. Ukajaza pembe nzima ya chumba, ukawa mahali pa watoto kusomea.

Siku ya kwanza, Bwana Mwadime alisimama ukingoni mwa mkeka. Akavua viatu. Akakaa chini na tai yake.

Na Mwanasha? Hakupita kwa kishindo, wakuu. Alipita. Ilitosha. Akaenda chuo cha ualimu, na watoto wake akawashika mavyaa yule yule wa mwaka mmoja, bila kuhesabu tena miaka.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa dirishani nikaona wanafunzi wanakuja kwa mstari, mwalimu nyuma yao. Alikuwa Mwanasha. Aliwavulisha viatu, akawakalisha mkekani, kisha akainama na kuutafuta ukili mmoja kwa kidole mpaka akaupata, karibu na mlango.

"Huu ulikuwa wa msala wa mama yangu," akawaambia. Hakusema mavyaa. Alisema mama.

Nilitoka nje nikajifanya naanika vitabu.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukitaka kumsaidia mtu, mwachie nafasi na yeye akupe kitu. Sisi tulipanga kila kitu, gari, jua, dirisha, hata vidole vya wazee, tukasahau kwamba anayepokea naye ana heshima yake ya kulinda.

Haya, mkeka nimeutandika, vueni viatu mkae. Wa Kwale, wa Tanga, wa visiwani na hata wa bara, nijibuni hapa chini: bakuli la jirani lililoko kwako sasa hivi, utalirudisha na nini?