Muhogo Kichwa Chini

Juzi binti yangu alipanda muhogo kichwa chini mbele yangu, nikamfokea kama mtu nisiyemjua. Hapo nikakumbuka alasiri moja kwetu Mkata, wakati baba alipokuwa akikata mkonge wa Wazungu kule Korogwe.

Bibi alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Siku hiyo alisimama shambani na panga mkononi, akimwambia mama, mwanawe wa kumzaa, "Mwizi wee, toka shambani kwangu!"

Mama hakukimbia. Alipiga magoti, akachomeka kipande cha mti wa muhogo udongoni, vijicho vya kuchipulia vikitazama chini. Utomvu ulinuka. Nikaona aibu, maana hata mimi nilijua vijicho hutazama juu.

Bibi akasogea. Nikajiziba uso.

"Nani kakufundisha kupanda hivyo?"

Nikasikia panga likianguka. Bibi alichuchumaa, akaugeuza mti, akaulaza kidogo. "Mama yangu alinionyesha hivi, kule Mpale," alisema, na akaendelea kusimulia mpaka jua likapoa.

Miaka mingi niliamini mama hakujua kupanda. Ukubwani ndipo nikaelewa kwamba alikosea kusudi.

Na huyu binti yangu, kupanda muhogo nilimfundisha mimi mwenyewe.