Ulimi Wangu na Unga wa Mama

Mimi hulipwa kuonja chai. Kiwandani kwetu hakuna chai inayotoka kabla sijavuta kijiko kwa kelele, nikaizungusha mdomoni, nikatema ndooni. Nyumbani ulimi huo umenipa heshima nisiyoistahili: kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kikifunguliwa, asali ikiletwa na mgeni, naitwa mimi. Na kusema kweli, napenda kuitwa.

Kwa hivyo dada yangu, anayekaa na Mama huko Ndanai, aliponunua mkebe wa unga wa magnesiamu na inositoli, wa kutuliza mwili jioni, hakumwuliza daktari. Aliniuliza mimi. Kila jua likizama, miguu ya Mama ilikuwa ikikakamaa, na usingizi ulimkataa. Nilikoroga kijiko kimoja katika maji ya uvuguvugu, nikavuta, nikatema. Sukari kidogo, ndimu ya kutengenezwa, chumvi kwa mbali, hakuna uvundo.

"Uko sawa," nikasema, kwa ile sauti yangu ya kazini.

Mwaka huohuo mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka Mama kliniki, tukaambiwa figo zake ni dhaifu. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili hata kidogo. Majivuno ni kitu kibaya.

Siku ya nne ya Mama kuunywa unga huo, saa kumi na moja jioni, dada akiwa sokoni Sotik alinitumia picha ya mkebe nimwagizie mwingine. "Mama ametulia sana," aliandika. "Leo mchana hata kumwamsha ilikuwa kazi."

Nikaivuta ile picha ikawa kubwa. Nyuma ya mkebe, kwa herufi za sisimizi, waliandika kwamba mwenye ugonjwa wa figo asitumie kabla ya kumwona daktari.

Simu ya Mama iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Nikapanda pikipiki na koti langu la kazi, nikimlaani dada njia nzima. Karibu na Ndanai nikaacha, maana si yeye aliyesema uko sawa.

Nilimkuta Mama jikoni, ameketi, kikombe cha unga ule kimejaa mikononi, macho mazito.

"Mama, weka hiyo chini."

"Kwa nini? Si ni wewe ulionja?"

"Nilionja tu, sikumeza. Na sikusoma mkebe. Hii inaweza kukuumiza, juu figo zako hazina nguvu. Chukua shuka, twende kliniki saa hii."

Alinitazama usoni. Nilimwogopa Mama jioni ile kuliko nilivyowahi kumwogopa nikiwa mtoto. Kisha akakiweka kikombe chini, polepole, akapangusa midomo kwa kitambaa.

"Hii kitu ni mbaya kwa mdomo, kijana yangu," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilitaka kumwaga. Nikakunywa, juu ulisema iko sawa."