Sahihi ya Mama Kofia

Wodini walimwita Mama Kofia, na jina alijitafutia mwenyewe. Katika miaka ishirini na miwili ya uuguzi, kila mgeni wa kazi aliyenaswa akirudishia sindano kifuniko alipata yake: "Sindano haivishwi kofia, mwanangu! Kwani inaenda harusini? Ikitoka kwa mgonjwa, moja kwa moja kwenye boksi!" Walimcheka, lakini vidole vyao vilibaki salama.

Siku ya mafunzo ya usalama kazini, mkufunzi alisimama ukumbini akaeleza hatari za uchovu. Mama Kofia hakumsikia. Alikuwa wodini, saa ya kumi na nne ya zamu ya saa kumi na mbili, maana aliyepaswa kumpokea alikuwa ukumbini akifundishwa asichoke. Matroni akaja mbio na daftari la mahudhurio.

"Dada, weka sahihi tu. Tusipofika asilimia mia, wakubwa watatula nyama."

Akaweka. Hata wewe ungeweka.

Wiki ya pili, boksi la sindano lilijaa. Akaandika kwenye kitabu cha ripoti. Kesho yake akaandika tena. Siku ya tatu akaandika kwa wino mwekundu, kana kwamba asiyesoma bluu husoma nyekundu. Alasiri hiyo, akiwa na zamu mbili mgongoni, alimaliza kumchoma sindano mzee wa kitanda cha nne, akageukia boksi, akakuta sindano zimechomoza juu kama miiba ya nungunungu. Papo hapo mzee akaanza kuteleza kitandani. Huwezi kumdaka mtu na sindano iko wazi mkononi. Akafanya kile alichowakataza watu maisha yake yote: akaivisha kofia haraka haraka, na kofia ikakosa sindano, sindano isikose kidole.

Mzee hakuanguka. Alikuwa na homa ya ini, ile inayopita kwenye damu na isiyo na chanjo.

Kikao kiliitwa kuamua jambo moja. Ikiwa ni ajali ya kazini, hospitali itamtibu na kumpa likizo. Ikiwa ni uzembe, atapewa barua ya onyo na atajijua mwenyewe. Matroni akafungua daftari.

"Hii sahihi yako, dada?"

"Yangu. Na wewe ndiye uliyeniletea wodini."

Matroni akatazama dirisha. "Hapa imeandikwa ulihudhuria."

"Na kitabu cha ripoti kimeandikwa boksi limejaa. Mara tatu! Hicho hakisomeki?"

"Hicho si cha kikao hiki."

Wakaandika uzembe. Onyo, na arudie mafunzo.

Nyumbani mumewe alimpa pole, wala hakumlaumu. Ila asubuhi Mama Kofia alikuta kwenye kikombe bafuni umebaki mswaki mmoja tu, wake; wa mume umehamishwa. Ulimuuma kuliko sindano, na uchungu wenyewe ni kwamba, kama muuguzi, alijua mume hajakosea. Vipimo vya kwanza vilitoka safi, lakini vya mwisho ni vya kusubiri miezi, na miezi hiyo hailaliki.

Siku ya kurudia mafunzo ilipofika, alikuja na gauni lililopigwa pasi kwenye mfuko na swali moja kichwani. Angesimama mbele ya watu wote amuulize mkufunzi: boksi likijaa, sindano niitupe wapi? Alilifanyia mazoezi njia nzima. Zamu yake ikaisha. Wa kumpokea hakutokea. Badala yake akatokea matroni, na daftari kwapani.

"Dada, weka sahihi tu."

"Na swali langu?"

"Swali gani tena? Usipoonekana umerudia, barua ya pili ni ya kuachishwa."

Kazi ikienda, pesa ya vipimo nayo imekwenda. Kitanda cha tisa kilikuwa kinaita. Akachukua kalamu.

Sasa kwenye faili lake imeandikwa kwamba amefunzwa mara mbili.