Kidonge Kilichotoka Mkononi mwa Mume Wangu

Mwenzenu nilikunywa dawa kila siku, sikuruka hata mara moja. Halafu nikaanguka kama mtu ambaye hajawahi kuona kidonge maishani mwake.

Daktari akapima damu yangu. Akaniambia haina dawa hata chembe.

Jamani, hapo ungejibu nini?

Tuanze mwanzo. Nina kifafa tangu utotoni. Nakunja nguo kwenye duka la dobi. Pasi sishiki, bosi anaijua hali yangu. Dawa ilinituliza miaka na miaka, mpaka nikasahau habari za kuanguka.

Mume wangu ni fundi wa friji, na hata mimi namwita Fundi. Alinioa akijua kila kitu. Tangu tuanze kuishi pamoja, kidonge changu ananipa yeye. Tukimaliza kula ananiletea maji, kidonge kiko kiganjani mwake, ananiambia nesi wa kujitolea amefika. Wenzangu kazini walinionea gere, na walikuwa na haki.

Nikapata mimba. Tuliisubiri hadi watu wakachoka kuuliza.

Mbio kliniki. Daktari, mama mmoja asiyecheka ovyo, akanibadilishia dawa. Alisema ile ya zamani inaweza kumdhuru mtoto, hii nyingine ni salama zaidi. Akanikazia macho: nisiache hata siku moja, maana kuanguka kunaweza kutuua wote wawili.

Fundi alikuwa nje, anabishana na mteja kwenye simu. Nikamsimulia yote. Akaitikia, akaenda dirishani kuchukua dawa. Mimi nikabaki kwenye benchi, kichefuchefu kimenishika koo.

Ndiyo maana dawa hiyo mpya sikuwahi kuiona kwenye pakiti yake. Ilikuja kiganjani kama siku zote, kidonge cheupe cha mviringo. Nikameza.

Mimba ikakua. Mtoto alikuwa na vurugu huyo, nikicheka anapiga teke.

Mama mkwe kila akija anaguna. Mjamzito hachezi na dawa za kichwa, anasema, mtoto atatoka na kasoro. Nikamwambia daktari ndiye kasema. Akaanza kumvuta mwanawe pembeni. Nikapuuza. Ya mama na mwanawe niliona hayanihusu.

Siku ile nilikuwa nakunja mashuka. Nakumbuka harufu ya sabuni, basi.

Nilizinduka wodini, tumbo tupu. Walinieleza nimeangukia ukingo wa meza, kondo la nyuma likabanduka, mtoto akafa kabla sijafikishwa hospitali. Damu iligoma kukata hadi wakatoa kizazi.

Alikuwa wa kike.

Nesi akaniletea dawa. Kidonge kirefu cha rangi ya waridi. Nikamwambia amekosea, changu ni cheupe, cha mviringo.

"Dada yangu," akasema polepole, "hii dawa hapa kwetu haijawahi kuwa nyeupe."

Kidonge changu kilikuwa na njia moja tu ya kunifikia.

Fundi alipoingia sikumsalimia. Nilimuuliza alikuwa ananipa nini.

"Vitamini," akasema, anatazama sakafu. "Nilikuwa namlinda mtoto. Mama alisema hizo dawa zitamlemaza, na ningekwambia usingekubali."

"Na daktari je?"

"Daktari ana wagonjwa wengi. Sisi tulikuwa na mtoto mmoja."

Nilitamani kumchukia nikashindwa, maana alikuwa analia kuliko mimi. Alitupenda kweli. Na mapenzi hayohayo ndiyo yaliyomuua mwanangu. Hebu niambie, kesi kama hiyo unaipeleka kwa nani?

Ila hapo sikuwa nimevunjika bado.

Nyumbani watu walijaa kutupa pole. Kila anayeingia, mama mkwe anamsimulia: dawa za kifafa ndizo zilizomuua mjukuu wake, alionya, hatukusikia. Nikamtazama Fundi, aseme. Kinywa alikuwa nacho. Akajifanya anapokea simu.

Mdogo wake wa kike, wifi yangu, alikuwa amekaa pale anasikiliza. Mimba yake imeanza kuonekana, na ana pumu. Nikamshika mkono, nikaeleza ukweli wote mbele za watu: kilichomuua mtoto ni kukosa dawa. Nikamtaka Fundi athibitishe.

"Bado ana uchungu," Fundi akawaambia watu. "Mwacheni apumzike."

Wakanipeleka chumbani.

Ninyi mnaosoma, nisikilizeni. Dawa nyingine kweli zinadhuru mimba, ndiyo maana kuna watu wa kuulizwa. Muulize aliyekuandikia. Usianze kwa kichwa chako, usiache kwa kichwa chako. Na anayekupenda asikuamulie kwa siri. Pakiti ishike wewe, uisome wewe.

Haya nayasema kwa wageni, maana wa nyumbani kwangu hawanisikii.

Jana wifi alikuja kunijulia hali. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, na kifua kinalia. Nikamuuliza dawa yake ya kuvuta iko wapi.

Akajishika tumbo, akatabasamu.

"Nimeitupa, wifi. Kwa yaliyokupata wewe, mimi simchezei mwanangu."